GIABOKSI YA BWANA MKUBWA SI MZIGO WETU

Ndugu Wafanya Kazi,

Kuna desturi mbaya iliyoingia katika karakana zetu, nasi tumeinyamazia muda mrefu mno. Jumamosi kazi ikiisha, mkubwa humwita fundi kando na kumwambia, "Motokaa yangu haivuti. Njoo kesho nyumbani na kijana mmoja, mnishushie giaboksi." Fundi haombwi, huamriwa. Akikataa, Jumatatu hujikuta zamu ya usiku. Akienda, hupewa chai na nauli, na huo ndio mshahara.

Tuitazame kazi yenyewe. Hii ni giaboksi ya otomatiki. Pamoja na konvata yake na oili, mara nyingi huzidi kilo 70. Karakanani mzigo kama huo hushushwa kwa jeki yake maalum, umefungwa mnyororo. Uani kwa mkubwa, jeki ni ile ya kubadilishia gurudumu, na stendi ni matofali na gogo. Fundi hulala chali juu ya gunia, na kijana wake hupokea chuma kwa kifua.

Mkubwa husema, "Msihofu, nimeiweka kwenye P." Asiyeijua kazi ndivyo asemavyo. Ile P hushika shafti ya giaboksi tu. Katika motokaa inayovutwa na magurudumu ya nyuma, ukishafungua propela shafti, P haishiki tena gurudumu hata moja, na gari laweza kuwateremkia. Tena konvata haikufungwa kwa bolti kwenye giaboksi. Yaweza kuchomoka ikamwangukia mtu. Na wakati wa kurudisha, isipoingia mpaka mwisho, bolti zikikazwa pampu huvunjika. Hasara hiyo hulipwa na nani? Hulipwa na fundi, kwa Jumapili nyingine nyingi.

Mwenzetu mmoja alivunjika vidole kwa njia hii. Alipotaka fidia akaambiwa hakuwa kazini, alikuwa "akimsaidia rafiki". Urafiki gani huo ambao Jumatatu huwa amri? Sheria ya fidia ya mwaka 2007 humlinda aliyeumia akiwa kazini. Lakini Jumapili, uani kwa mkubwa, bila karatasi hata moja, utaithibitishaje kazi hiyo? Kamba hukatikia pembamba, na wembamba ni sisi.

Wako watakaosema, "Mbona sisi wenyewe hutengeneza magari nyumbani tupate unga?" Hatuwakatazi. Fundi akipatana bei yake, akaja na stendi madhubuti, akazuia magurudumu kwa kabari na kuondoa waya wa betri, hiyo ni biashara yake. Tunachokataa ni amri iliyovikwa nguo ya urafiki.

Sisi wa reli hatuingii chini ya behewa kabla ya bendera nyekundu kuwekwa. Mbona Jumapili twaingia chini ya motokaa iliyosimama juu ya gogo? Je, mifupa yetu hubadilika siku ya Jumapili?

Basi twasema hivi. Asiende mtu. Atakayeitwa ampelekee katibu wa tawi jina la aliyemwita, na siku aliyoitwa. Atakayehamishwa zamu kwa kukataa, shauri lake ni letu sote.

Akikataa mmoja, hupangwa usiku. Tukikataa sote, usiku hautatutosha.

Umoja ni nguvu.