Atajwe kwa jina, aitwe, ajibu

NENDA kijiwe chochote cha Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, utakuta vijana wameinamia simu. Wanaandika, na wanayoyaandika ni ya kweli: maji hayatoki, ajira hakuna, machinga kahamishwa kwa virungu. Lakini tazama wanamwandikia nani. "Nchi hii bwana!" anaandika mmoja, kisha anawatagi washkaji zake kumi, yaani anawataja kwa alama ili simu zao zilie. Wale kumi wanacheka, kila mmoja anaongeza lake, basi. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye ufunguo wa bomba.

Sisi tunasema hayo ni mazungumzo ya kijiwe, siyo siasa. Vigogo wanayapenda sana, maana methali yao wanayo mfukoni: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kweli, hazimzuii, kwa sababu chura hajawahi kumtaja ng'ombe kwa jina.

Ipo tofauti kati ya kelele na wito. Kelele ni za kila mtu, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuitika. Wito una mwenyewe. Ile alama ya herufi a iliyozungushiwa mkia, @, ilianza kutumika katika barua za mtandao mwaka 1971, pale mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alipoitumia kutenganisha jina la mpokeaji na jina la kompyuta yake. Twitter ilipoanza mwaka 2006, ni watumiaji wenyewe waliobuni kuiweka mbele ya jina la wanayemjibu. Kampuni ikafuata nyuma. Kwa maneno mengine, silaha hii haikutolewa na mkubwa yeyote. Ilibuniwa na watu wa kawaida waliotaka kusikiwa.

Kazi yake ni nini? Inaua neno moja: "sikuambiwa". Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, magazeti yameandika barua za wazi nyingi kwa wakubwa, na wakubwa wamejibu kwamba hawakuzisoma. Leo ukimtaja mbunge kwa jina la ukurasa wake halisi, taarifa inamfikia, na wito wako unabaki pale na tarehe na saa, ukishuhudiwa na umma. Atasema simu anayo msaidizi. Sawa! Huyo msaidizi analipwa kwa kazi gani?

Majirani zetu wametuonyesha. Juni 2024 vijana wa Kenya walipopinga Muswada wa Fedha hawakuishia kulalamika kwamba wabunge ni wabaya. Walimtaja kila mmoja na jimbo lake, wakagawana namba za simu, wakawamiminia ujumbe. Wenyewe waliita kuwasalimia. Juni 25 Bunge lilipitisha muswada hata hivyo, vijana wakajaa barabarani, na wengine wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatausaini, na Julai 5 akaketi kujibu maswali ya vijana kwa sauti kwenye mtandao wa X. Hatusemi simu ndiyo iliyouangusha muswada. Damu ya watu ilimwagika. Tunachosema ni kwamba kila mbunge alipiga kura akijua wananchi wanataka nini. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Sasa vijana, tuambiane ukweli. Silaha hii ina makali pande mbili.

Kwanza, mwite anayehusika, na umwite kwa swali. Siyo majina kumi na tano kwa mpigo, maana mzigo wa wengi hauna mbebaji. Andika: mtaa fulani, kata fulani, hatuna maji tangu tarehe fulani, mheshimiwa, yatatoka lini? Hakikisha ukurasa ni wake kweli, kwa sababu kurasa bandia za viongozi ni nyingi.

Pili, usitukane. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka kwa taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa faini ya shilingi milioni 7 au miaka 3 jela kwa maneno ya kumkashifu Rais kwenye Facebook. Sheria hiyo tunaipinga na tutaendelea kuipinga. Lakini tusi ni zawadi kwa kigogo: badala ya kujibu kuhusu maji, anakwenda polisi kulalamikia adabu yako.

Tatu, usimvute mtu asiyehusika. Anayestahili kuitwa hadharani ni mwenye cheo cha umma, kwa kazi ya cheo chake. Mkewe na watoto wake waacheni. Binti wa mtaani aliyekukataa siyo kigogo. Na yule mshkaji wako mwenye ajira ya serikali, usimtagi kwenye moto bila kumuuliza. Wewe utalala, yeye kesho ataitwa ofisini kujieleza.

Kwa watawala tuna neno fupi. Katiba, Ibara ya 18, inampa mwananchi haki ya kutoa maoni na ya kupewa taarifa. Oktoba 2020 mitandao ilibanwa wakati wa uchaguzi. Mei 2025 X ikafungiwa. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa. Huo ni utawala wa kuziba masikio. Mtu anayefunga mlango kila anapopigiwa hodi ana anachokificha ndani.

Wala viongozi wa chama chetu wasidhani wamesamehewa. Atakayeitwa na mwanachama akanyamaza, naye ni kigogo tu, tofauti ni rangi ya bendera.

Vijana, acheni kunong'ona nyuma ya migongo ya watu mnaowalipia mishahara kwa kodi zenu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na safari hii mbiu itaje jina.