KADI YA MIAKA 10 SI RUHUSA YA MIAKA 10



Katika biro ambamo tunaandika majina ya watu wa mashimo na uzito wa zahabu, kuna kazi nyingine isiyolipwa feza, nayo ni kusoma habari za ng'ambo. Mchimbaji anatoka shimoni na udongo miguuni, anatoa simu mfukoni na kusema: "Karani, nisomee neno hili la bibi yangu." Mara nyingi neno ni moja. Bibi yuko Marekani ao Canada, ana karatasi ya kukaa kule siku zote, naye bwana anamtaka aje Kilembwe. Ao amekwisha kuja, na bwana hataki arudi.

Tunasema leo juu ya jambo hili kwa sababu tumeona watu wakipoteza karatasi kwa ujinga tu, si kwa ubaya.

Kila mtu wa Fizi anajua namna tulivyotawanyika. Vita ya 1996 ilitupeleka ziwani. Waliovuka walipokelewa Kigoma, wakawekwa Nyarugusu na Lugufu. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, Nyarugusu ikabaki. Kutoka kule majina ya maelfu yaliitwa kwenda Marekani, Canada na Australia. Lakini kuitwa hakukungoja nyumba nzima. Kuna waume waliokuwa wamerudi Lulenge kutafuta zahabu siku jina la bibi lilipotoka. Bibi alipanda ndege na watoto, bwana akabaki na koleo. Ndiyo sababu leo hapa Kilembwe kuna nyumba ambazo mlango wake mmoja uko kwetu na mwingine uko Texas.

Basi kosa la kwanza. Wanaume wanaitazama kadi ya kijani ya Marekani, wanaona imeandikwa tarehe ya mbali, miaka 10, wanafurahi. Wanasema: "Bado wakati mwingi, akae kwanza." Ndugu, tarehe ile ni ya kadi, kama vile tarehe iliyo juu ya kopo la maziwa ni ya maziwa. Haisemi mtu anaweza kukaa nje miaka mingapi. Sheria ya Marekani inasema aliye nje mwaka 1 ao zaidi hawezi kuingia tena kwa kadi ile peke yake. Hata kabla ya mwaka, akipita siku 180, anatazamwa mpakani kama mtu anayeomba kuingia upya, na maswali yanakuwa mengi. Wanauliza: nyumba yako iko wapi? Kazi yako iko wapi? Watoto wanasoma wapi? Kodi umelipa kama mkaaji ao kama mgeni? Anayeandika katika karatasi za kodi kwamba yeye si mkaaji, amejikata mwenyewe. Tena wako wanaodhani yatosha kwenda kukanyaga Marekani wiki 1 kila mwaka na kurudi. Haitoshi. Wanachotafuta ni kama makao ya mtu yamebaki kule kweli.

Iko njia ya halali kwa anayejua mapema kwamba atakawia. Kabla ya kutoka, bibi anaandika fomu I-131 kuomba hati ya kurudia, akiwa bado ndani ya Marekani, na anaitwa kutoa alama za vidole. Hati ile inaweza kumpa mpaka miaka 2. Tunarudia: akiwa bado ndani. Mtu akiwa Kilembwe amekwisha chelewa kuiomba, hata kama anao ndugu wenye mkono mrefu. Tena wakimbizi wanayo hati yao ya kusafiria, ya mwaka 1 tu, nayo vilevile huombwa kabla ya safari. Hizi hati zinalinda kuingia. Hazilindi hesabu ya kuwa raia. Anayekaa nje mwaka mzima anaivunja ile miaka 5 anayopaswa kuhesabu, hata kama ana hati mkononi.

Aliyepita mwaka bila hati hakupotea kabisa. Anaweza kwenda ubalozini kuomba viza ya mkaaji anayerudi, na kuonyesha kwamba alitoka akiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichomzuia hakikuwa katika uwezo wake. Vita ni sababu. Ugonjwa ni sababu. Lakini sababu bila karatasi ni hadithi. Anayelala hospitalini achukue karatasi ya daktari. Aliyezuiwa na barabara aweke tikiti ya ndege iliyopotea. Na kama akifika uwanja wa ndege wa kule na kuwekewa mbele fomu I-407, ajue ile ni karatasi ya kuacha ukaaji kwa hiari yake. Hapaswi kutia sahihi kwa hofu. Ana haki ya kukataa na kuomba asikilizwe na jaji wa uhamiaji.

Canada wana hesabu nyingine, na kwa watu wa ndoa ndiyo inayotatanisha zaidi. Kule mkaaji anapaswa kuwa na siku 730 ndani ya kila miaka 5, si lazima zifuatane. Sasa sikilizeni. Mke mwenye ukaaji akifuatana na bwana yake aliye raia wa Canada na kukaa naye nje, siku zile zinahesabiwa kama alikuwa ndani. Bwana akiwa mkaaji tu, si raia, zinahesabiwa ikiwa ametumwa nje kwa kazi ya siku zote ya kampuni ya Canada ao ya serkali yake. Lakini mke anayekuja Kilembwe kukaa na bwana Mkongomani mwenye pasipoti ya Kongo peke yake, hata siku 1 haihesabiwi. Wake wawili wanaweza kukaa kiwanja kimoja, kuchota maji pahali pamoja, miaka 3 sawasawa. Mmoja akarudi bila shida na mwingine akaambiwa amekwisha kupoteza.

Na kwa waliopata ukimbizi kuna jambo zito zaidi. Tangu sheria ya 2012, Canada inaweza kusema kwamba mkimbizi anayetumia pasipoti ya Kongo na kurudi Kongo amejiweka tena chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia. Hapo hapotezi ukimbizi tu, hata ukaaji unakwenda pamoja nao. Hesabu ya siku 730 haimwokoi. Yule anayetaka kuja kuzika mama yake, aulize mwanasheria kwanza, kabla ya kununua tikiti.

Mtu atasema: dawa ni kuwa raia wa kule, matata yaishe. Hapa tunagonga ukuta wetu wenyewe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa peke yake, hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Mama wa Lulenge akiapa kule, kwa sheria yetu amekuwa mgeni katika shamba la baba yake. Kwa hiyo wengi wanabaki na kadi mwaka hata mwaka, si kwa uvivu, ni kwa kuipenda nchi hii. Wazee wanakumbuka dekreti ya Wabelgiji ya 1933, mtu akitaka kutoka katika sheferi yake zaidi ya siku 30 alipaswa kuwa na karatasi ya kuhama. Tulidhani tumekwisha na hesabu za namna hii. Waheshimiwa wa Kinshasa, mwaka 2007 walipoulizwa juu ya pasipoti za kigeni mifukoni mwao, walijipa muda wa kungoja. Mama zetu hakuna aliyewapa muda. Tunawataka wabunge wa Fizi waseme wazi wanafikiri nini juu ya kifungu kile.

Lakini tusiwalaumu wakubwa na kuficha yetu. Wako wanaume hapa ambao bibi akifika wanaweka pasipoti yake chini ya godoro. "Ni bibi yangu, nimemtolea mahari." Mahari haikununua mwaka wa mtu. Tangu mwezi wa kwanza 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, anayepoteza nafasi hajui kama mlango ule utamfungukia mara ya pili. Na watoto waliobaki kule, nani atakwenda kuwasimamia? Tena bwana mwenyewe anajikata mguu, kwa maana ombi la kumvuta yeye linasimama juu ya ukaaji wa bibi. Ukaaji ukianguka, ombi limeanguka.

Mama mmoja alikuja mwezi wa 11 mwaka 2024 kwa matanga, akikusudia kukaa miezi 3. Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, njia aliyojia ikafungwa. Bwana akasema angoje nchi itulie. Kisha mtoto akashikwa na malaria, kisha mvua. Siku moja alikuja birani na kadi yake imefungwa katika kitambaa, akauliza tu kama inafaa bado. Tulihesabu naye kwa kalamu, mwezi kwa mwezi: siku 338. Bwana yake, tunamsifu kwa hili, aliuza zahabu yake ya wiki ile kwa bei mbaya, akampeleka Baraka, akapanda chombo mpaka Kigoma. Alifika kule siku ya 356. Walimweka kwenye kiti na kumwuliza saa nyingi, akatoa barua ya kazi, risiti za nyumba, karatasi ya hospitali ya mtoto. Akaingia.

Wenye bibi ao bwana aliye hapa na kadi ya kule, leteni tarehe ya muhuri wa kutoka. Kalamu ipo.