Hatamu na Mwenye Kuishika

Yako mafundisho katika dini ya Kikristo yasemayo kwamba Mungu huuzuia uovu wa wanadamu usifike upeo wake. Hayaahidi kuwa mtu mbaya atageuzwa kuwa mwema. Yanadai jambo dogo zaidi, na pengine kwa sababu hiyo la kuaminika zaidi: kwamba ukatili hautimii wote uliokusudiwa, wizi hauli kila ghala, na miji isiyomjua Mungu hupata mahakimu, matabibu na mafundi kama miji mingine. Calvin, katika kitabu chake kikuu ambacho toleo lake la mwisho la Kilatini lilitoka mwaka 1559, aliitenga kazi hii na kazi ya wokovu. Neema iokoayo husafisha moyo. Hii nyingine hutia hatamu kinywani, moyo ukabaki ulivyo.

Katika hayo hapana la kulaumiwa. Lawama ni ya wafasiri walioharakisha kujibu swali moja: hatamu hiyo i mkononi mwa nani? Aghalabu wamejibu kwamba i mkononi mwa serikali. Tertullian wa Karthago, mwishoni mwa karne ya 2, alieleza kuwa Wakristo huiombea dola ya Rumi kwa kuwa kudumu kwake kunachelewesha maafa ya mwisho. Na wengi baada yake wakamwona Kaisari katika yule Azuiaye ambaye waraka wa pili kwa Wathesalonike haukumtaja kwa jina. Augustino alikuwa mwangalifu zaidi. Alipolifikia fungu hilo alikiri wazi kwamba maana yake haijui. Laiti warithi wake wangalirithi na ukiri huo!

Hatari ya jibu lile hujificha mpaka siku mwenye fundisho awapo mwenye dola. Abraham Kuyper wa Uholanzi aliandika juu ya neema hii ya jumla kwa mapana ambayo wachache wameyafikia, katika mabuku matatu yaliyoanza kutoka mwaka 1902. Wakati huo alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yake, cheo alichokishika tangu 1901 hata 1905. Mwaka 1903 wafanyakazi wa reli waligoma, na serikali yake ikatunga sheria za kuwakataza wao na watumishi wa umma kugoma; wafanyakazi wakaziita sheria za kunyonga. Kuyper hakuwa mtu mwovu. Ni yeye yule aliyewatetea maskini katika hotuba yake mashuhuri ya mwaka 1891. Lakini msomaji na atazame: mwanachuoni wa kuzuiwa kwa maovu, alipopata uwezo wa kuzuia, alizuia mgomo. Faida ya mabepari, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameishutumu, haikutungiwa sheria kwa haraka kama ile.

Huko Afrika Kusini jibu hilo lilikomaa hata likaoza. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi huko Rasi iliruhusu waamini weusi watengewe ibada zao, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya washirika. Udhaifu wenyewe ulikuwa nini? Ulikuwa chuki ya watu weupe waliokataa kuketi na weusi mezani pa Bwana. Ikiwa upo uovu uliostahili kutiwa hatamu, ni huo. Nao, badala ya kutiwa hatamu, ulijengewa nyumba. Baada ya 1948 nyumba hiyo ilitanuliwa ikawa nchi nzima. Watetezi wake walisema kwamba mataifa yakichanganyika yatagombana, hivyo sheria ya kuyatenga ni kinga ya amani; na hata mwaka 1974 sinodi kuu ya kanisa hilo ilikubali taarifa iliyokitafuta katika habari ya mnara wa Babeli kibali cha kuwatenga watu. Kinga hiyo ya amani ilikuwa imekwisha kuua watu 69, kwa hesabu ya serikali yenyewe, katika mtaa wa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960. Ulipofika mwaka 1982 Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Ulimwenguni, uliokutana Ottawa, ulitamka kwamba kuutetea utengano ule kwa theolojia ni uzushi. Tamko lilichelewa, walakini lilikuwa la haki.

Mpinzani atasema kuwa Warumi 13 humwita mtawala mtumishi wa Mungu aliyepewa upanga. Ndivyo. Na nani apendaye kuishi mahali pasipo hakimu wala askari? Walakini mtumishi ana bwana, na upanga wa mtumishi hukaguliwa. Maandiko yenyewe, yanapotoa mifano ya kuzuiwa, mara nyingi humweka mfalme upande wa mnyama. Abimeleki wa Gerari aliambiwa katika ndoto kwamba Mungu ndiye aliyemzuia asimguse mke wa mtu. Senakeribu wa Ashuru alitishwa kwa kulabu puani na hatamu kinywani, yeye aliyejidhani kuwa ndiye mpanda farasi wa ulimwengu. Calvin naye, katika kurasa za mwisho za kitabu kile kile, aliwapa mahakimu wadogo wajibu wa kuzuia jeuri ya wafalme, akitaja mfano wa maefori wa Sparta. Ajabu ni kwamba ukurasa huo hausomwi na waupendao ule mwingine.

Tena uko mfano wa Daudi, unaostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko yote. Alikuwa bado mkimbizi alipokasirishwa na Nabali, akaondoka na watu 400 wenye panga, akiapa kutobakiza mwanamume hata mmoja wa nyumba ile. Aliyemzuia hakuwa na cheo. Alikuwa Abigaili, mke wa Nabali, aliyepakia punda mikate 200 na divai na kondoo waliotengenezwa, akateremka mlimani kumkuta njiani. Daudi alimhimidi Mungu aliyemtuma mwanamke huyo, akarudi. Miaka baadaye Daudi huyo huyo alikuwa mfalme, mwenye upanga kwa haki na desturi, naye alimtamani mke wa Uria. Safari hii hakuna aliyesimama njiani. Aliandika waraka wa kumwua Uria, akamkabidhi Uria mwenyewe aupeleke. Na Yoabu, mkuu wa majeshi, aliusoma, akatii.