Udhuru Usiodaiwa Maelezo

Barua ya juma hili yatoka Dundori, juu ya mji wa Nakuru, kwa dada wa Mombasa aliyeolewa huko. Miezi mitatu sasa ameelemewa na huzuni: usingizi haba, hana hamu ya chakula, hataki kuonana na watu. Daktari amemwambia ni sonona, naye anatumia dawa. Harusi ya binamu yake imempita, na hata matanga ya shangazi yake hakuweza kushuka. Nyumbani wauliza, mawifi wasema anaringa. Ajibu nini bila ya kusema uongo wala kuianika siri yake?

Imam Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 179 Hijria, yaani 795 Miladia, yapokewa kwamba mwishoni mwa umri wake aliacha kuhudhuria msikitini na mazikoni. Alipoulizwa alijibu kuwa si kila mtu awezaye kuutaja udhuru wake. Hakuongeza, na watu walimstahamilia hivyo hadi alipofariki.

Basi dada yetu, sema la kweli kisha ufunge mlango: “Nilikuwa na udhuru wa afya. Natibiwa, alhamdulillahi. Sitaweza kueleza zaidi, niombeeni dua.” Hapo hukudanganya, kwani maradhi ya nafsi ni maradhi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya huzuni isiyo na sababu inayojulikana, akaihesabu katika mambo ya kutibiwa.

Usisingizie malaria. Malaria ya miezi mitatu, tena huko Dundori kwenye baridi na viazi, nani ataiamini? Na akiamini mama, atapanda basi na mwarubaini kikapuni.

Wifi akirudia kuuliza, nawe rudia maneno yale yale. Mumeo ajue yote, nanyi mwafikiane jibu moja, maana siri yenye majibu mawili huvuja. Binamu mpelekee zawadi yake hata kama imechelewa. Wafiwa wapigie simu. Dakika mbili zatosha.

Lakini faragha ina mpaka. Ikikujia fikra ya kujidhuru au ya kutamani kufa, hapo hapana siri tena: mwambie mumeo siku hiyo hiyo, akufikishe hospitali, wala usingoje miadi ya daktari.

Nanyi mawifi, tusameheni tukisema wazi. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na kumpigia simu mtoto wa watu kumuuliza mamake ana nini ni upelelezi, hata ukianza kwa salamu. Wala si kila aliyenyamaza ana pepo au imani haba. Mwenye kumtakia kheri ampelekee ujumbe usiodai jibu, au ajitolee kukaa na watoto wake likizo ijayo.