Komeo la Usukani wa Ndege

Ndege ndogo iliyoegeshwa uwanjani haipumziki. Upepo hupigapiga vibawa vya kuongozea vilivyo kwenye mabawa na mkia; kasi yake ikizidi mara 2, msukumo huzidi mara 4, na bawaba hulegea. Ndiyo maana usukani hutiwa komeo. Katika Cessna 172 komeo hilo ni pini tu, yenye kibati chekundu kinachofunika tundu la ufunguo wa kuwashia injini.

Baadhi ya wenye ndege hujitengenezea makomeo yao kwa msumari au boliti. Hilo si kosa. Chuma ni chuma. Kosa ni kukiacha kile kibati kwa kudhani kuwa ni pambo. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing iliruka vibawa vyake vikiwa bado vimekomewa. Ikapaa wima, ikaanguka, na marubani wawili wakafa kwa majeraha. Nao hawakuwa wanagenzi, bali mabingwa wa kazi hiyo. Msumari mtupu humkinga mwenye ndege na upepo, lakini haumzuii kuwasha injini akiwa ameusahau.