Arubaini ya Mama, Makka na Mtoto

Mama atimizaye miaka 40 akaichagua umra badala ya karamu, twamwombea kabuli. Ila iwapo siku yake yaangukia Julai, naye ana mtoto wa miaka miwili, twamnasihi angoje Januari. Joto la Makka mwezi huo hupita nyuzi 40, na sai baina ya Safa na Marwa ni mwendo wa kama kilomita 3, mtoto begani. Siku ya kuzaliwa si swala hata tuseme wakati wake utapita!

Umra ya mtoto yasihi, na wazazi wana thawabu. Ila haitoshelezi faradhi yake akishabaleghe. Baba naye asijitenge: watufu kwa zamu, mmoja abaki na mtoto. Na nepi ibadilishwe kabla ya kuingia Haram.