MASIKIO YA MTOTO (Sehemu ya 4)

Mama zangu! Leo nitawaudhi kidogo, mnisamehe.

Mtoto kazaliwa, sijamaliza hata kumpangusa, bibi mtu kashafunua masikio. "Mh! Huyu atakuwa mweusi tii." Mama wa watu kageukia ukutani. Mtoto kalia vizuri? Kanyonya? Hakuna aliyeuliza. Jamani, hapa Likawage nimeyaona haya mara ngapi!

Huyo binti akikua mnashangaa anapaka mkorogo. Ameutoa wapi? Ameutoa kwenye midomo yetu. Na mkorogo wenye zebaki unaharibu figo, na mjamzito akiupaka, sumu inamfikia mtoto tumboni.

Najua mtasema, "Nesi, sisi tunatania tu." Haya. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa 1880, naye walimtania. Sura yake, umaskini wake, vyote vilitungiwa maneno. Akawajibu kwa kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Sauti yake tunaisikia mpaka leo. Waliomcheka nani anawajua?

Mwingine ni Lubaina Himid. Kazaliwa Unguja 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, akakulia kwenye picha ambazo mtu mweusi anasimama pembeni kama mtumishi, hana jina. Akawa mchoraji. Mwaka 2004 akaonyesha sanamu bapa 100 za watumwa weusi, saizi ya mtu kamili, na kila mmoja kampa jina lake na kazi yake. Mwaka 2017 akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Sisi watu wa Kilwa hilo linatuhusu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka. Waliandika hesabu tu. Bibi zetu walipandishwa majahazini wakihesabiwa kama mizigo. Leo na sisi tunampokea mtoto wetu kwa kumkagua rangi kama bidhaa sokoni? Hapana. Mimi nakataa.

Na msiniambie mashairi na sanaa ni mambo ya wasomi. Huyo mtoto umemfunga kwenye nini? Kanga! Ina pindo, ina mji, ina jina. Lile jina ni ushairi, na sisi wanawake ndio tunaolichagua dukani, tunajua tunamwambia nani. Himid mwenyewe amechora akifuata kanga, na maneno yake. Cha sanduku lako wewe kinaonyeshwa Ulaya, halafu wewe unasema huna sanaa?

Basi ombi langu. Ukija wodini kumpokea mjukuu, acha masikio. Msomee jina la kanga aliyofungwa. Muulize mama yake anaendeleaje. Halafu mwite mtoto jina lake, kwa sauti, asikie.

Sehemu ya 5 kesho, Mungu akipenda. Wakwe mnaonuna, nawapenda pia.